Oili Nyeusi, Gari Halijatembea

Maskati, 20 Januari 2024

Mdogo wangu Zeina,

Assalaam alaykum. Huku asubuhi tunavaa sweta, najua ukiwaambia watu wa Mchafukoge watakucheka. Mke wangu Amira anakusalimu, watoto wamerudi shule, na goti langu linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Ijumaa nilizungumza na Baba kwenye simu. Sauti yake nzuri, ila aliniuliza mara tatu, "Umeshashuka?" Nikacheka. Najua ananisema, maana huu mwaka wa tatu sijatia mguu nyumbani, na haki yake kunisema.

Sasa tuje kwenye gari.

Hamis wa mizigo amenifikishia bahasha yako na kadi mbili za oili. Unajua kwa nini nimeng'ang'ania kadi zenyewe, zilizoandikwa na fundi, zije kwa mkono wa mtu. Binamu yetu Khalil alikuwa akinitumia picha za dashibodi kwa simu kila mwezi, picha safi kabisa, kumbe gari langu la kwanza amelifanya teksi kule Kigamboni na kilomita anazirudisha nyuma. Nilipokuja kujua, injini imeshanoki. Tangu siku ile picha ya simu kwangu ni hadithi tu.

Kadi ya kwanza ni ya tarehe 25 Novemba, kilomita 148,203. Ya pili ni ya 13 Januari, kilomita 148,212. Nimetoa kwa kalamu, nikatoa tena kwa simu. Tisa. Wiki saba, kilomita tisa, na oili imemwagwa. Kanuni niliyokuachia ni kilomita elfu tano au miezi sita, kitakachotangulia. Na kilomita tisa, Zeina, ni kutoka hapo nyumbani kwenda kwa fundi Buguruni na kurudi. Kwa hiyo gari linatoka kwenda kumwaga oili, linarudi kupumzika, halafu linatoka tena kwenda kumwaga oili?

Sijasema neno baya. Nauliza tu.

Kakako,
Saif


Mchafukoge, 9 Machi 2024

Kaka Saif, shikamoo.

Barua yako ilikaa kwa Hamis wiki mbili, mzigo wake ulikwama bandarini naye akakwama nao. Sisi wazima. Mwezi mtukufu unabisha hodi na Kariakoo hapapitiki kwa wanaonunua tende na sahani mpya kana kwamba mwaka jana walikula kwenye majani. Mwanangu Wafa amefaulu mtihani wake, hesabu ndiyo imemvuta nyuma kidogo, amerithi kwangu. Baba anakula, anasali, jana kinyozi amemchonga ndevu akatoka kijana. Anakutaja kila siku, kaka. Kila siku kuliko unavyodhani.

Kuhusu oili. Fundi Aristides anachomoa kile kijiti cha kupimia, anakipangusa kwenye kitambaa, ananionyesha. Nyeusi tititi. Nikimwambia kaka yangu anasema elfu tano, ananijibu kwamba kaka yako yuko Maskati na kijiti kiko Buguruni. Gari la mjini linazeekea kwenye foleni, si kwenye mwendo. Ndivyo alivyosema, nami si fundi wa kumbishia.

Naambatisha kadi ya 2 Machi, kilomita 148,221. Najua utakaa kutoa. Toa tu.

Mdogo wako,
Zeina


Maskati, 30 Machi 2024

Mdogo wangu Zeina,

Ramadhani karim. Huku tunafuturu kwa kuku na wali kila siku mpaka nimeanza kuota mihogo ya nazi. Mwambie Wafa hongera, na hesabu asikate tamaa, mjomba wake ndiyo kazi anayofanya hapa, kutoa na kutoa.

Nimetoa. Tisa tena.

Foleni gani hiyo ya kilomita tisa kwa wiki saba? Nimekaa nikawaza mengi, na bora uyasikie kwangu. Kwanza nikadhani mmechomoa waya wa kuhesabia kilomita, gari linakwenda Bagamoyo na kurudi huku dashibodi imelala. Amira akasema labda unauza juisi baridi pale chini ya jengo na friji inakula umeme wa gari. Nilimwambia dada yangu hawezi, halafu nikakumbuka ulivyowahi kuuza barafu za ubuyu kutoka kwenye friji ya mama bila yeye kujua.

Basi nijibu haya. Nani anaendesha? Ufunguo anakaa nao nani? Na saa kumi jioni gari linakuwa wapi?

Na la nne, ambalo limenikaa kifuani kuliko hayo. Ijumaa Baba aliniambia, "Tuko njiani, foleni tu." Nikamuuliza njia ya wapi, Baba? Wewe ukamchukulia simu, ukasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, Zeina. Nilisikia hata muuza kahawa akigonga vikombe vyake.

Saif


Mchafukoge, 24 Aprili 2024

Kaka Saif, shikamoo.

Idd imepita salama. Mvua imetukuta na nguo mpya, ngazi zote matope, na kuta za ghorofa ya kwanza zinatoa jasho. Baba alivaa kanzu uliyomtumia kwa mkono wa Hamis, akakataa kuivua siku tatu.

Umeniuliza kama askari wa mpakani, nami nakujibu kama msafiri asiye na begi. Anayeendesha ni mimi. Ufunguo nakaa nao mimi, nalala nao chini ya mto. Saa kumi jioni gari liko palepale ulipoliacha, ubavuni mwa jengo, mbele ya duka la mapazia. Waya sijachomoa. Juisi siuzi. Ubuyu ule nilikuwa na miaka kumi na moja, na nusu uliula wewe.

Kadi ya 20 Aprili hii hapa. 148,230. Ningetaka kukuficha ningeandika nambari nyingine, au ningeacha kukutumia. Lifikirie hilo kidogo kabla ya kushika kalamu.

Zeina


Maskati, 18 Mei 2024

Mdogo wangu Zeina,

Salamu nyingi. Joto limefungua mlango na litakaa hadi Oktoba. Sote wazima.

Maswali yalikuwa manne, umejibu matatu. La simu umeliruka.

Sasa nikuambie nililofanya, ukasirike mapema tupumzike. Nilimwomba Uledi anitazamie gari. Huyu Uledi unamjua tangu mdogo, duka lake la spea Kariakoo limepakana na lililokuwa la Baba, ni mtu asiyejua kutia chumvi. Alichora mstari wa chaki kwenye tairi la nyuma na mwingine kwenye lami, vikatazamana. Baada ya siku kumi na moja vilikuwa bado vinatazamana. Gari halikusogea hata shubiri. Hapo nilifurahi.

Lakini siku hiyohiyo, kabla ya magharibi, aliweka kiganja kwenye boneti akakitoa mbio. Ya moto, anasema, ungekaangia yai. Na keshoye alikuona unatoka kituo cha mafuta umebeba dumu la petroli kwa mkono, umejifunika mtandio hadi puani kana kwamba umeiba. Mtu mwenye gari anakwenda kituoni na gari. Anayebeba dumu ana jambo.

Gari halitembei, linakunywa petroli, oili inaungua, na mdogo wangu anajifunika uso. Sijui ni nini, na kutojua kunaninyima raha kuliko hasara yenyewe. Khalil naye aliniapia. Tena kwa msahafu.

Nimeamua hivi. Jumatatu tarehe 1 Julai Uledi atakuja kuchukua ufunguo. Atalivusha gari Magogoni kwa kivuko na kulihifadhi uani kwake Kigamboni hadi nitakapokuja. Kama Baba ana safari, mchukulieni teksi. Nami nitakuja kuona kama Baba mwenyewe hafai kuhamia huku, maana naona nyumba hiyo imeanza kuwa na mambo yasiyosemeka.

Saif


Mchafukoge, 5 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima.

Usilichukue gari. Sijawahi kukuomba kitu tangu mama afariki, na wewe ni shahidi. Chukua samani, chukua chumba changu, gari liache lilipo. Usiniulize kwa nini. Nimeahidi mtu.

Ulivyoandika mwishoni habari ya kumhamisha Baba, barua ilinianguka mkononi. Nami sasa nina shaka zangu, kaka. Sijui kama ni gari unalolitafuta.

Zeina


Mchafukoge, 3 Julai 2024

Kaka yangu Saif, shikamoo.

Ninaandika mchana, Baba amelala baada ya chakula, nina kama saa moja na nusu. Leo sina habari za majirani.

Uledi alikuja juzi kama ulivyomtuma, saa kumi na robo. Maskini alikuwa amekasirika, alikuja na hasira aliyoitayarisha njiani ili asinionee haya. Akatukuta ndani ya gari. Mimi kwenye usukani, Baba pembeni yangu, amevaa kanzu yako na kofia yake iliyodariziwa, mkanda ameufunga, mikono magotini. Injini inanguruma, kiyoyozi kinapuliza, gari limesimama mbele ya duka la mapazia.

Uledi akainama dirishani kuniambia. Kabla hajafungua mdomo Baba akamwona.

"Uledi! Panda nyuma, baba. Tunamfuata Saif uwanjani. Ndege yake imeshatua."

Uledi akanitazama. Nikatazama mbele.

"Mzee, mbona hatuendi?" akauliza.

"Wewe mgeni mjini?" Baba akamjibu. "Huoni foleni?"

Uledi alifungua mlango wa nyuma akapanda. Alikaa nasi hadi adhana ya magharibi. Baba alimsimulia jinsi ulivyokwenda kusoma, jinsi utakavyoshangaa akikuambia kwamba duka limepakwa rangi. Duka alilouza mwaka 2013, kaka. Adhana ilipotoka nikazima gari, nikasema kama ninavyosema kila siku, "Baba, Saif amepiga, ndege imechelewa hadi kesho." Akasema alhamdulillah, salama ndiyo muhimu. Tukapanda ngazi. Uledi alibaki chini. Nilipomshushia ufunguo aliurudisha kwenye kiganja changu akakifunga kwa mikono yake miwili, akaondoka bila kuaga.

Ilianza baada ya mfungo wa mwaka jana. Kila alasiri anavaa, anashika fimbo, anataka kukufuata. Nikimzuia analia, na mimi sijawahi kumwona Baba akilia, hata siku ya msiba wa mama hakulia mbele yetu. Mwezi Oktoba nilimpeleka kweli, nikidhani akiona uwanja roho itatulia. Walitoka abiria wote. Alimsimamisha kila kijana, wa mwisho alikuwa mtu mzima na nywele nyeupe, akamshika mkono akamwita Saif. Kurudi nyumbani Baba alikataa kula siku mbili. Sitampeleka tena kutazama watu wakitoka na wewe humo miongoni mwao.

Keshoye nilimweka kwenye gari nikawasha tu, nikiomba Mungu anipe la kusema. Mbele yetu palikuwa na mkokoteni na lori la mapazia. Mwenyewe akatazama akasema, "Foleni." Akaegemea kiti, akafurahi. Mkazi gani wa Dar es Salaam atashangaa gari kukaa saa mbili bila kusogea? Nimemdanganya kwa kitu anachokiamini. Saa mbili na nusu kila siku ya Mungu. Ramadhani tulifuturia humo, tende kwenye dashibodi.

Petroli nabeba kwa dumu kwa sababu nikilipeleka gari kituoni naye yumo, likianza kwenda anadhani foleni imekwisha, tunafika uwanjani, na nikienda peke yangu akasikia linaondoka, anashuka ngazi peku. Kwa fundi Buguruni naweza kwenda Jumamosi asubuhi tu, Wafa anapokuwa hana shule akakaa naye. Ndizo hizo kilomita zako tisa.

Na oili. Mwanzo nilifuata kanuni yako. Aristides akaniuliza, dada, hili gari linafanya kazi gani? Nikamwambia halitembei. Akachomoa kijiti akanionyesha, akasema oili haijui barabara, inajua saa ambazo injini imenguruma. Saa moja limesimama ni kama kilomita arobaini, na limesimama kwenye joto ni mbaya zaidi. Tukapiga hesabu pale juu ya pipa, ikaja wiki saba. Sikumwambia kwa nini linanguruma, naye hakuuliza tena. Ningekutumia kadi mbili kwa mwaka, usingejua lolote. Nimekutumia zote kwa sababu uliniambia nitume zote. Ndiyo ujinga wangu.

Sasa kwa nini nilificha. Kuna asubuhi huwa anarudi mzima kabisa. Asubuhi moja Desemba alinishika hapa mkononi akasema, "Zeina, najua kuna kitu kinanipotea. Saif asijue. Atanifungasha." Nikamwapia. Na niliapa upesi kwa sababu hata mimi niliogopa hilohilo. Shangazi Shamsa naye alipoanza kupotea ulimchukua huko Maskati kwa mapenzi, nalijua hilo. Ukampa chumba kizuri. Nilipokuja kumwona alikuwa anapapasa kuta akiniuliza mlango wa Mchafukoge uko wapi. Miezi minne tukamzika huko. Hapa Baba anapotea, lakini muuza kahawa anamjua, muuza mapazia anamjua, akifika kona watu wanamrudisha kwa jina lake.

Nimevunja ahadi yake. Gari ni lako, na ufunguo ninao. Ukitaka mtume tena Uledi, ingawa sidhani kama atakuja.

Mdogo wako,
Zeina


Maskati, 21 Agosti 2024

Mdogo wangu Zeina,

Barua yako Hamis aliniletea tarehe 11 Julai. Niliisoma ndani ya gari, nje ya kazini, injini inanguruma. Nimeshindwa kuijibu wiki sita. Kadi za 8 Juni na 27 Julai zimefika pia, 148,239 na 148,248, umezituma bila neno hata moja, nikajua unasubiri hukumu.

La Shangazi Shamsa nilikuwa nikilisikia kupitia ukutani, akiuliza mlango. Niliongeza sauti ya televisheni. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata Amira. Umeandika kwamba nilimchukua kwa mapenzi, ukanistahi kuliko ninavyostahili. Baba hahami. Nakuandikia kwa mkono wangu ili uitunze karatasi hii na unionyeshe nikijisahau.

Nisamehe chaki. Nisamehe dumu. Nimemhesabia kilomita dada aliyekuwa anamkalisha baba yangu kwenye foleni ya uongo kwa ajili yangu mimi. Nililia, Zeina, mtu wa miaka hamsini na sita.

Kanuni ya elfu tano ifute. Mwambie Aristides amwage kila wiki saba kama alivyosema, na filta abadilishe kila mara, asiioshe akairudisha, mafundi nawajua. Na kadi uendelee kunitumia. Ndivyo nilivyo, sitabadilika kwa barua moja.

Ijumaa iliyopita Baba aliponiuliza kama nimeshashuka, sikucheka. Nikamwambia bado kidogo, Baba. Akasema, "Usihangaike, sisi tupo."

Nimekata tiketi. Jumamosi tarehe 14 Septemba, ndege inatua saa nane na nusu mchana, hadi nimalize mizigo ni saa kumi, saa yake ileile. Ninakuja peke yangu na nina miezi miwili ya kukaa. Nitavaa kofia, nywele zangu nami zimeshakuwa nyeupe, asije akanipita akimtafuta kijana. Akinipita, nitamfuata nyuma hadi anijue, au hadi achoke aniulize mimi ni nani nimwambie.

Siku hiyo mvalishe ile kanzu, mfunge mkanda, uwashe gari. Halafu uliondoe. Mkikwama kweli huko njiani wewe usihangaike, mwenzako ameshazoea.

Kutoka hapo hadi uwanjani ni kilomita kumi na mbili. Nikishampa Baba mkono nitachungulia dashibodi kabla hata ya kukusalimu wewe, na nisikute 148,248.

Kakako,
Saif